Siku Niliyombeba Mama Mgongoni

Wameukata mti wa yago, yaani mwegea, uliokuwa kando ya barabara ya kwenda Muhuru Bay. Barabara inapanuliwa, na mti ulikuwa umesimama pale pale lami inapotaka kupita. Nilikuwa nakwenda kumjulia hali shangazi, nikakuta vijana wawili wa msumeno wameshamaliza kazi, wamekalia shina wanakunywa soda. Matunda yalikuwa yametapakaa kote, marefu kama michi ya kinu, mengine yamepasuka, na harufu yake ikanifikia kabla sijashuka kwenye pikipiki. Ni harufu ya kitu kibichi kilichoanza kuchacha. Iliponiingia puani, miguu ilianza kunicheza yenyewe, na mwenye pikipiki akaniuliza kama nina malaria.

Sikuwa na malaria. Nilikuwa na miaka tisa, na Mama alikuwa mbali.

Mwaka ule Mama alikuwa masomoni Ulaya. Alikuwa mwalimu wa bayolojia katika shule moja ya wasichana upande wa Rangwe, na alikuwa ameomba ufadhili mara tatu bila kumwambia mtu isipokuwa Baba. Mara ya nne akapata. Alikwenda kusomea maji: kwa nini ziwa letu linaoza, kwa nini gugu linafunika ufuko mpaka boti zinakwama, na nini kifanyike. Chuo chenyewe kilikuwa katika mji mdogo kando ya mto, na hilo ndilo lililoanza kunikera. Sisi tuna ziwa ambalo macho hayafiki mwisho wake, halafu Mama anapanda ndege kwenda kujifunza maji kwenye kijito. Nilimuuliza Baba kwa nini hao walimu wasije huku wao. Akasema shule iko kule, maji yako huku, dunia ndivyo ilivyopangwa.

Baba alikuwa fundi wa umeme mjini Homa Bay, na mtu anayeshinda juu ya nguzo hawezi kulea mtoto wa kike. Kwa hiyo nilitolewa kwenye nyumba yetu ya kupanga Rangwe nikapelekwa Muhuru Bay kwa Dani, nyanya yangu mzaa baba, aliyekuwa akinunua omena, dagaa wa ziwani, kwa wavuvi, akizianika na kuziuza. Kabla ya kuondoka, Mama alinichorea visanduku hamsini na viwili nyuma ya daftari langu la hesabu. Kila Jumapili nikishaongea naye nipake rangi kimoja, alisema, na vikiisha atakuwa mlangoni. Nilimwamini, kwa sababu Mama hakuwa mtu wa kubahatisha. Hata chumvi alikuwa akiipima kwa kijiko.

Lakini sikutulia. Nikitumwa kufukuza ndege kwenye nyavu za omena, nilifukuza wawili watatu kisha nikajikuta nimeshafika kwenye boti, au kwenye kibanda cha barafu, au njia panda ninatazama magari yanayotoka Migori. Shuleni niliomba ruhusa ya kwenda msalani mpaka mwalimu akataka kujua nimekula nini. Dani alisema nahangaika kama kuku anayetafuta pa kutagia. Usiku nililala, nashukuru Mungu, lakini mchana kutwa mwili wangu ulikuwa kama umeitwa mahali na hauambiwi ni wapi.

Simu yenyewe ilikuwa shughuli. Kule tuko jirani mno na Tanzania, na simu ya Dani haikuwa na uaminifu: umekaa jikoni kwako juu ya kigoda chako, inakuletea ujumbe wa kukukaribisha Tanzania, na salio linaliwa kana kwamba umesafiri kweli. Ili tupate mtandao wa Kenya ilibidi tupande jiwe kubwa nyuma ya shule ya msingi na kusimama upande wake wa mashariki. Jumapili baada ya ibada, jiwe hilo lilikuwa limejaa kuliko kanisa. Kila mtu alikuwa na mtu wake Nairobi, Mombasa au Qatar. Sisi peke yetu ndio tuliokuwa na mtu kando ya mto.

Mama alipenda kututembeza. Alikuwa akiigeuza simu na tunauona huo mto wake, wa kijani, umetulia, umepita katikati ya nyasi zilizokatwa vizuri kuliko nywele za mwalimu mkuu. Kulikuwa na daraja la mawe, na miti iliyoinamisha matawi hadi yanagusa maji. Kulikuwa na mabata makubwa meupe yenye shingo ndefu ambayo hakuna aliyeyakimbiza kwa fimbo. Wanafunzi walipita kwa baiskeli, vitabu viko kwenye kikapu mbele, kengele za kanisa zinalia na hakuna anayekimbilia ibada. Kulikuwa kuzuri, siwezi kusema uongo. Kulikuwa kuzuri mpaka nikakasirika.

Dani alitaka habari za samaki. Mama akamwambia wapo, na watu hushinda pale na ndoana, lakini wakimpata wanampima, wanampiga picha, wanamrudisha majini. Dani aliniuliza kama amesikia sawasawa. Nikamwambia ndivyo. Akasema kwa Kijaluo kwamba watu wanaomsumbua samaki wasiyemhitaji hawafai kuachiwa mke wa mtu.

Jumapili nyingine tuliona boti nyembamba ajabu, vijana wanane ndani yake, wote wamekaa wakitazama walikotoka huku wakivuta makasia kwa nguvu zao zote kwenda wasikokuona. Wa tisa, mdogo kuliko wote, hakuwa na kasia. Kazi yake ilikuwa kupiga kelele. Nilimuuliza Mama wanajuaje kama wamefika. Akacheka, akasema wanamwamini huyo mwenye kelele. Mimi sikucheka, na siku hiyo hiyo alisema neno lililonikaa kooni. Alisema, "Kwetu hapa baridi imeshaanza." Nilisubiri ajisahihishe, aseme kwao, hakujisahihisha.

Nilipofika kisanduku cha thelathini na nne, simu zikakoma. Jumapili ya kwanza Dani aliniambia Mama ana mitihani. Ya pili akasema bado ana mitihani. Ya tatu hatukupanda hata jiweni. Niliviacha visanduku vitatu vyeupe, nikawa navitazama wakati wa somo la hesabu badala ya hesabu zenyewe. Wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Nilianza kuona jina la Mama likipotea pale nyumbani. Dani, ambaye hakuweza kusonga ugali bila kusema jinsi Mama anavyosonga wake mlaini mno, sasa alikuwa akisonga kimya.

Kisha Baba akaja siku ya Alhamisi. Kwa kawaida alikuja mwisho wa mwezi, na Jumamosi. Alhamisi huwa yuko juu ya nguzo. Alikaa na Dani nyuma ya nyumba, viti vimesogezwa karibu, na nilipowapelekea chai wakanyamaza wote wawili kwa pamoja, jinsi watu wazima wanavyonyamaza wakidhani kunyamaza hakuna sauti. Nilirudi jikoni, nikasimama karibu na dirisha. Baba akauliza, "Sasa mtoto tutamwambia lini?" Dani akamjibu wangoje kwanza mambo ya mazishi yaishe Jumamosi, mambo mawili mazito hayabebwi kwa kichwa kimoja.

Mazishi. Nilihesabu watu wote wa boma letu. Niliwaona wote, wazima, mpaka mbwa. Mtu mmoja tu ndiye ambaye sikuwa nimemwona.

Kesho yake Dani alinituma chungio lililokuwa chini ya kitanda chake. Niliingiza mkono nikagusa kitu kirefu, kizito, baridi, kimefungwa kwenye kitambaa cha meza. Nilikifunua kidogo kwenye ncha. Lilikuwa tunda la yago. Nilikuwa nimeyaona yakining'inia kwenye ule mti wa barabarani, lakini sikujua lina kazi gani chini ya kitanda cha Dani, mama wa kanisa. Nililifunga tena kama lilivyokuwa, nikaenda kumtafuta Akinyi.

Akinyi alikuwa binti wa baba mkubwa, ananizidi miaka mitatu, na alikuwa anajua kila kitu, au hivyo ndivyo alivyotufanya tuamini. Nilimkuta akigeuza omena juani. Sikumwambia nilichokiona. Nilimuuliza tu, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya, watu hutumia yago kwa nini.

"Kwani huko Rangwe mlikuwa mnafundishwa nini?" alisema. "Hiyo inazikwa. Mtu akipotelea ziwani, ama akifia mbali na mwili hauwezi letwa, wanazika yago kwa nafasi yake. Wanalia, wanapika, imeisha."

"Na kama hajakufa? Kama amechelewa tu?"

"Akishazikwa amezikwa. Hata akirudi hawezi ingia boma. Atasimama tu hapo kwa gate, na hakuna mtu atamfungulia."

Aliendelea kugeuza omena zake. Mimi nilimwona Mama getini, na sanduku lake la magurudumu, anabisha, na sisi tumekaa ndani tunala. Sikuwa nimeamini kabisa kwamba amekufa, maana mtu aliyekufa habaki anacheka kichwani mwako kila saa. Nilichoamini, kwa moyo wangu wote, ni kwamba wameamua kumzika.

Jumamosi asubuhi walikuja wazee watano na majembe. Kwetu mtoto aliyelelewa nyumbani angetazama tu kaburi linachimbwa mkono gani wa nyumba, akajua. Mwanamume hulazwa upande wa kulia, mwanamke wa kushoto. Walichimba kulia kwa nyumba moja kuukuu iliyobomoka paa. Mimi niliona wanachimba, basi. Nilikuwa mtoto wa nyumba za kupanga.

Dani alikwenda kuwapokea wazee na Akinyi akatumwa maji. Niliingia chumbani, nikalivuta lile tunda, nikajaribu kulibeba mikononi, likanishinda. Ndipo nikachukua leso ya Dani, nikainama, nikalifunga mgongoni kama mama anavyomfunga mtoto, nikatoka kwa mlango wa nyuma. Lilikuwa zito kuliko mtungi. Kila hatua lilinigonga kiunoni.

Nilikuwa nimeamua kulirudisha kwenye mti. Nilidhani likirudi lilikotoka, shughuli yote itakuwa haijaanza. Nilipita kwenye nyavu za omena, wanawake wakaniuliza nimebeba mtoto wa nani, mbona halii. Niliwaambia amelala. Walicheka, na mmoja akasema mtoto mwenyewe anaonekana ameshiba. Sikugeuka. Niliogopa nikisimama hata kidogo miguu itakumbuka imechoka. Jua lilikuwa limeshakaa utosini nilipoufikia mti, na mabega yangu yalikuwa yanawaka moto.

Matunda ya yago hushuka kwenye kamba ndefu zitokazo matawini, na hata ya chini kabisa yalikuwa juu ya uwezo wangu. Nilizunguka ule mti sijui mara ngapi. Mwishowe nikapata tawi moja lililoinama, nikafunga ncha moja ya leso kwenye tunda, nyingine nikairusha juu mpaka ikapita, nikavuta. Likapanda hatua moja kutoka ardhini. Nikafunga fundo, nikakaa chini nikalitazama likibembea. Halikufanana na mengine hata kidogo. Hata mimi niliona.

Hapo ndipo Mama Boke aliponikuta. Alikuwa mfanyabiashara kutoka Kegonga ambaye kila Jumamosi alileta mahindi na kurudi na omena za Dani. Alikuwa nyuma ya pikipiki, amebanana na gunia lake. Alimwambia dereva asimame, akashuka, akanitazama mimi, akatazama leso aliyoijua ni ya nani.

"Wewe mtoto, unafanya nini hapa na jua hii?"

"Narudisha," nikasema.

"Unarudisha nini?"

"Mama."

Mama Boke alikuwa Mkuria, hakuwa na Kijaluo, na mambo ya yago hakuyajua. Ilinibidi nimweleze kila kitu kwa Kiswahili, tangu mwanzo: mto, mabata, visanduku vitatu vyeupe, Baba kuja Alhamisi, majembe. Kwa Kijaluo nisingeweza kuyasema. Kwa Kiswahili niliyasema kama mtu anayesoma habari, sauti yangu haikutetemeka, na yeye alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akafungua leso, akalipokea lile tunda kifuani kwa uangalifu, kama kweli ndani yake kuna mtu.

"Mimi sijui mambo ya Wajaluo," alisema. "Lakini mtu akiwa hajui kitu, anauliza wenyewe. Twende tuulize."

Tulipofika nyumbani, boma lilikuwa limechafuka. Kaburi lilikuwa limekamilika na wa kuzikwa hayupo. Mzee mmoja alikuwa anasema marehemu amekataa, mwingine anataka kondoo, Akinyi amepigwa makofi mawili ya bure. Mama Boke alishuka na tunda kifuani na mimi mkononi, na wote wakamgeukia. Alimweleza Dani kwa Kiswahili, polepole, kwa sababu Kiswahili cha Dani kilikuwa cha sokoni, cha kupunguziana bei tu. Nilimwona Dani akielewa neno moja baada ya jingine. Alipofika mwisho alikaa chini, mavumbini, na gauni lake la kanisani.

Aliyekuwa akizikwa ni Odera, mdogo wake marehemu babu. Alizama ziwani kabla mimi sijazaliwa na mwili haukupatikana. Miaka yote hiyo alikuwa hajazikwa, na wanawe walikuwa wameanza kumwota amelowa anaomba nguo kavu. Dani alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani, na mchungaji hakutaka kusikia habari za kuzika matunda, ndiyo maana lilifichwa chini ya kitanda na watoto hawakuambiwa. Hayo yote nilielezwa pale pale, wakipokezana kunieleza, na hakuna hata moja lililoniingia.

Baba alichuchumaa mbele yangu. Aliniuliza nani aliniambia Mama amekufa.

"Hakuna mtu aliniambia kitu," nikamjibu.

Sikumjibu kwa ujeuri. Ndivyo ilivyokuwa. Lakini Baba aliinamisha kichwa kama nimempiga, kisha akanyanyuka, akatoa simu, akasema twende jiweni.

Tulikwenda karibu boma zima, wazee na majembe yao, Dani na vumbi lake, na Mama Boke, ambaye alisema mahindi yatangoja. Baba alipiga ya video. Mama akatokea, nyuma yake mto, amevaa koti zito na kofia ya sufu. Aliniita jina langu. Sikuitika. Nilishawahi kuona kwenye matanga wakionyesha video ya marehemu anacheza harusini, anacheka, anaita watu, na yeye mwenyewe yuko ndani ya sanduku hapo kando. Video ilikuwa si ushahidi.

"Kula kitu," nikamwambia.

"Nini?"

"Kula. Saa hii."

Mama alimtazama Baba, au alitazama pale alipodhani Baba yupo. Kisha akaingiza mkono kwenye mfuko, akatoa kipande cha mkate, nadhani ni ule alioubeba kuwalisha wale mabata. Akakitia mdomoni. Alitafuna huku ananitazama, na macho yake yakaanza kujaa, na bado anatafuna. Nilimwambia ameze. Akameza. Niliona koo likishuka.

Ndipo nikalia. Sikulia kitoto. Nililia kama nilivyoona wanawake wakilia matangani, mikono kichwani, nikimwita kwa jina lake na jina la baba yake na kwao alikozaliwa, nikimuuliza ameniachia nani. Hicho ndicho kilio pekee kikubwa nilichokuwa nakijua. Watu wote wa jiweni walizima simu zao. Dani alinishika nyuma asije akaniona naanguka, na kule upande wa pili Mama alikuwa amesimama wima, mkate umebaki mkononi.

Nilipoishiwa pumzi, aliniuliza visanduku vimebaki vingapi. Nilimwambia kumi na vitano, ukiacha vitatu ambavyo hakupiga simu.

"Basi ni hivyo hivyo," alisema. "Kumi na vitano. Nakuja."

Baba aligeuka akatazama ziwani. Nilidhani ana furaha.

Odera alizikwa wiki iliyofuata kwa tunda lingine, kwa sababu wazee walikubaliana kwamba lile lililokwishabebwa mgongoni na kuning'inizwa mtini halijui tena ni la nani. Mchungaji alisikia tu, kwani kuna siri gani Muhuru Bay. Na Mama alikuja. Alikuja wiki kumi na tano baadaye, na koti lile lile zito mkononi, katika joto la mchana, nikamfungulia mimi mwenyewe. Tukarudi Rangwe. Akarudi darasani. Mimi nikaanza kutulia, kidogo kidogo, ingawa mpaka leo nikipiga simu ya mtu mara mbili asipokee, siwezi kubaki nimekaa.

Sehemu iliyobaki nilikuja kuijua siku ya kuwapokea wakwe zangu. Baba alikuwa ameshiba na amefurahi, akawa anawasifia wageni familia yetu. Akasema mama wa huyu binti mnayemwona si mwalimu wa hivi hivi, alitakiwa abaki Ulaya miaka minne mingine awe daktari wa mambo ya maji, chuo chenyewe kilimbembeleza, akakataa. Nilikuwa nimebeba sahani. Mama alimwambia Baba awapitishie wageni nyama.

Nilirudi nyuma kichwani, nikaziona Jumapili zile tatu. Nikamwona Baba ametazama ziwa. Nikaelewa mambo mawili mazito yalikuwa yapi. Sikuuliza. Nilikaa na hilo jambo miaka miwili, na lilinitafuna. Kila gugu lilipofunika ufuko wa hapa Homa Bay ninakoishi na wavuvi wakashinda wamekaa, nilikuwa nikiona aibu, kana kwamba ni mimi niliyelileta. Najua ziwa halikuwa likimsubiri mtu mmoja. Aibu haijali hayo.

Nilimuuliza baada ya kujifungua mtoto wangu wa kwanza. Mama alikuja kunisaidia, na asubuhi moja alikuwa akimwogesha mtoto kwenye karai, mkono mmoja chini ya shingo, mwingine unamwagia maji. Nilimuuliza kama wakati ule alikuwa ameshakubali kubaki.

"Nilikuwa nimeshatia sahihi," alisema, bila kugeuka. "Nilimwomba baba yako akuambie, kwa sababu mimi kila nikiishika simu nilishindwa."

"Ukaghairi kwa sababu yangu."

Alimgeuza mtoto, akamwagia mgongoni. "Ulinililia matanga na mimi niko hai, nina mkate mdomoni. Watu hawajui wataliliwaje. Mimi nilisikia. Ningebaki nikisoma nini?"

"Ulijuta?"

Nilitaka aseme hapana. Nilikuwa nimeshaliandalia hilo neno mahali pa kukaa, na ningeliamini.

"Siku za shule, ndiyo," alisema. "Kila Januari nikifungua kitabu kile kile na kuanza tena na seli, nilijuta. Wewe ulikuwa unanipungia mkono ukienda darasani kwenu, na mimi nakupungia, na ninajuta. Vyote viwili. Sitakudanganya, tangu siku ile ya jiweni wewe ndiye uliyetufundisha tusifiche."

Mtoto alipiga maji kwa miguu, yakamrukia Mama usoni, naye akayafuta kwa bega. Nilimwambia pole. Nilimwambia kwa sauti, "Pole, Mama," neno ambalo nilipaswa kulisema miaka mingi kabla na sikujua kwamba kuna wa kuambiwa.

"Nimeshapoa," akasema, akanyoosha mkono nimpe taulo.